Nilimtamkia mwanangu maneno mabaya mbele ya mzani wa korosho, sasa karudi nyumbani na jina lake halinitoki mdomoni

Shikamoo dada, Bwana asifiwe. Naomba usiweke jina langu wala la kijiji, sema tu ni mama wa watoto watatu huku Newala, wa kunijua watanijua tu lakini basi.

Dada mi shida yangu ni mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka 17. Baba yao alituacha msimu ule wa 2017, ule bei ilivyogusa elfu nne mnadani, hela ilivyoingia tu akasema anaenda Masasi kununua bati za nyumba, mpaka leo hizo bati sijaziona. Baadae ndo nasikia yuko Liwale ana mke na watoto wengine. Na hela yenyewe ilikuwa ya mikorosho yangu mimi, niliyoachiwa na mama yangu. Huyu mkubwa wakati huo alikuwa na miaka tisa, nikawalea hivyo hivyo kwa mihogo na mbaazi na kikoba, kanisani sikukosa, kusali nasali.

Sasa msimu uliopita binti yangu wa pili kafaulu kwenda fomu wani, nikapiga hesabu zangu, ada hakuna lakini sare, madaftari, godoro la hosteli, vyote vinataka hela. Nilikuwa na gunia sita ndani zimekauka vizuri nasubiri kupeleka chamani, chama cha ushirika. Nikapata msiba Tandahimba, nimelala siku mbili, narudi gunia ni nne. Kauza mbili usiku kwa watu wa kangomba, wale wanunuzi wasiopitia chamani, elfu moja mia mbili kilo! Wiki hiyo hiyo mnada ukaenda elfu tatu na kitu. Na mwenyewe hayupo, siku nne hajulikani alipo.

Akaja kunikuta pale ghalani watu wamepanga foleni, nimesimama mbele ya mzani na zile nne zangu. Dada sijui niseme nini, nililipuka. Nilimwambia wewe sio mwanangu, wewe ni damu ya baba yako, na mkono wako hautashika hela ikakaa mpaka unaingia kaburini. Watu wote kimya, mpaka karani akaacha kuandika. Yeye hakulia wala hakujibu, kaweka kibegi chake chini kaondoka. Mdogo wake ndo alikuja kukifungua kile kibegi, anasema mlikuwa na shati moja na tiketi ya gari ya Nachingwea kwenda Liwale, sijui alienda kufanya nini huko mi sikutaka kujua. Binti alichelewa shule wiki tatu, nilikopa kikoba na mpaka leo narejesha.

Miezi saba alikuwa Mtwara mjini anabeba mizigo sokoni. Mwezi wa sita karudi, amekonda, anakohoa, analala jikoni. Sijamfukuza. Lakini tangu arudi sijamwita jina hata siku moja, na jina lenyewe ni la marehemu baba yangu. Chakula napika, namwambia mdogo wake kamwambie huyo ale. Asubuhi kabla sijaamka kashaenda kupuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, hakuna aliyemtuma, anarudi nyusi zote njano. Juzi kaenda porini kachimba ming'oko, vile viazi vya porini, kaniwekea mlangoni, anajua naipenda, hakusema kitu. Nikaipita.

Kwenye kikundi chetu cha maombi wanasema ana roho ya baba yake, kuna mtumishi mmoja yeye anataka elfu hamsini ya sadaka aje afungue. Kaka yangu anasema alipe gunia zake mbili au aondoke. Mi nikifunga na kuomba najisikia nimesamehe kabisa, nikifungua macho nikamuona anapita naona baba yake anatembea. Je yale maneno yangu yamemfunga mtoto? Na mimi Mungu atanisikia kweli?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, asifiwe sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nilikasirika na wewe, mara ya pili nikakasirika na huyo baba, ya tatu nikaweka simu chini nikaenda kutafuta watoto wangu wako wapi.

Nianze na hiyo tiketi. Umeandika kila kitu kwa kirefu, gunia, kilo, bei, foleni, lakini kwenye tiketi umepita mbio kama mtu anayekanyaga kaa la moto, "sikutaka kujua". Dada, kijana wa miaka 16 anauza gunia mbili usiku, halafu anapanda gari mpaka Nachingwea na kuunganisha mpaka Liwale, anakaa siku nne, anarudi na shati moja. Wewe unajua kabisa Liwale kuna nani. Mi sijui aliambiwa nini alipofika kule, labda hata mlango hakufunguliwa, labda alifunguliwa akakuta wadogo zake wa mama mwingine wanakula. Lakini najua alikotoka huko hakwenda kijiweni, alikuja moja kwa moja kwako, ghalani, mbele ya watu, na kibegi mkononi. Na neno la kwanza alilokutana nalo ni kwamba wewe ni damu ya yule aliyetoka kumfuata. Siku hiyo alikosa baba asubuhi akakosa na mama mchana, ndivyo ninavyoiona mimi.

Usinielewe vibaya, sijasema ni malaika. Nauli ya kwenda Liwale na kurudi haimalizi hela ya gunia mbili hata kwa bei ya kangomba, kwa hiyo kuna hela imeliwa huko na lazima aeleze. Kuiba kaiba. Tena kamuibia mama yake na dada yake aliyefaulu, hilo halina jina lingine. Na hao wanunuzi wa kangomba nao, sisi wote wa kusini tunawajua, wanajua ukishapeleka chamani unangoja mnada na unangoja hela iingie benki, wao wanakuja na keshi mkononi usiku, na wanajua vizuri nyumba zipi zina mtoto wa kiume na mama hayupo. Mtoto ndo muuzaji, sawa, lakini kuna mtu mzima alishika mzani na tochi.

Sasa hilo la roho ya baba. Hapa nitasema kwa ukali kidogo na kikundi chako wanisamehe. Wana wa Israeli walikuwa na msemo wao, kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yakatiwa ganzi, yaani sisi tunaumia kwa ya baba zetu. Ezekieli sura ya 18 yote Mungu anaukataa huo msemo, anasema hautatumika tena, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Sura nzima! Kwa hiyo mtu akikwambia mwanao kabeba tabia ya baba yake kama mzigo wa kiroho na inatakiwa elfu hamsini kuutua, mwambie akaisome kwanza hiyo sura halafu mrudi muongee. Elfu hamsini kalipe kikoba. Na dada, neno "damu ya baba yako" nani alilitamka kwanza? Hao wa kikundi wanarudia tu yako wewe, tofauti yao wameivalisha joho.

Maneno yako yamemfunga? Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu haimpigi mtu, ni kama shomoro anavyotangatanga na mbayuwayu anavyoruka, haitui. Najua utaniambia dada sababu ilikuwepo, gunia mbili. Basi twende Yeremia 31:20, pale Mungu anamsema Efraimu, mwana mkaidi kweli kweli, anasema kila nikinena juu yake bado namkumbuka sana, moyo wangu unaniuma kwa ajili yake. Mungu mwenyewe kasema maneno makali juu ya mwanawe, halafu hakuyaachia hapo yalipoangukia. Mimi siamini kwamba ulimi wako una nguvu ya kumpeleka mtoto kaburini maskini kama Mungu hajataka. Ila naamini kijana ameyasikia, ameyalala nayo miezi saba kule mjini, na kila hela aliyopata ya kubeba mzigo ikiisha alikuwa anasikia sauti yako. Hicho ndicho kilichomfunga, na hicho hakifunguliwi na mtumishi wa kukodi, kwa sababu sauti aliyoisikia sio ya mtumishi.

Ndio maana kusali kwako unasamehe na ukifungua macho unarudi pale pale. Umemsamehe mbele ya Mungu tu, mwenyewe hajaambiwa.

Kuna habari moja kwenye 2 Samweli 14 ambayo wahubiri wengi wanairuka. Absalomu alimuua ndugu yake, akakimbilia Geshuri miaka mitatu. Daudi moyo unamtamani mtoto lakini hasemi, mpaka Yoabu akafanya ujanja wa kumrudisha. Sasa karudi Yerusalemu, mfalme anasema aende nyumbani kwake lakini uso wangu asiuone. Miaka miwili mizima. Mji mmoja, baba na mtoto, hawaonani. Kijana akamwita Yoabu, haji, akamwita tena, haji, mwisho akawaambia watumishi wake wachome shamba la shayiri la Yoabu ili angalau mtu aje aongee naye. Mi huwa nafika hapo nasimama, maana huku kwetu shamba la jirani likiungua mikorosho utasikia "kijana kaharibika", hakuna anayeuliza alikuwa ameita mara ngapi. Baadae Daudi alimbusu, sawa, ila kwa kuchelewa, na mwisho wao unaujua, mtoto kampindua baba, kafa kwenye mwaloni, baba analia juu ya lango mwanangu Absalomu, laiti ningalikufa mimi badala yako. Kule analitaja jina mara nyingi. Wakati wa ile miaka miwili hakulitaja.

Wewe uko mwezi wa pili wa kumnyamazia, na wako anaita kwa salfa na ming'oko, hajachoma kitu.

Nikwambie na langu kidogo, ingawa halifiki lako. Mimi na binti yangu tuliwahi kukaa Kwaresima nzima tunapitana koridoni bila salamu, mimi huyo huyo ninayesimama mbele ya akina mama kufundisha malezi. Nilikuwa namuombea kila usiku, tena kwa machozi. Aliyetuamua ni mdogo wake wa miaka sita, aliniuliza mama, dada alikufa? Nilicheka, halafu nikaenda kumgongea. Sikuwa na hotuba, nilimwita jina na kumwambia nimekosea kukunyamazia. Yale mengine tuliyogombania tulikuja kuyaongea baadae sana, na mengine mpaka leo hatukubaliani.

Kwa hiyo dada kazi yako ya kwanza ni ndogo na ni ngumu. Muite jina. Usisubiri ujisikie, maana utasubiri mpaka msimu ufunguliwe. Jina hilo ni la baba yako mzazi, sio la huyo wa Liwale, ulilichagua mwenyewe ukiwa na mtoto mgongoni, na huku kwetu Wamakonde na Wamakua mtoto tangu zamani ni wa upande wa mama, sasa imekuwaje kwenye makosa tu ndo umempeleka kwa baba yake? Ukimuona anatembea ukaona baba yake, sawa, mwendo karithi, mwendo sio dhambi. Muangalie mikono. Ya baba yake ilichukua hela ya mikorosho yako ikaondoka, huyu anaamka gizani kuipulizia mikorosho yako dawa bila kutumwa.

Halafu maneno uliyoyasema uyarudishe, kwa mdomo, moja moja. Mkiwa wawili kwanza, jikoni kwake huko anakolala. Mwambie nilisema wewe sio mwanangu, lile lilikuwa uongo. Nilisema mkono wako hautashika hela, naliondoa kwa jina la Yesu, na ninakuombea kinyume chake. Usiongeze "lakini na wewe". Hiyo "lakini" kaa nayo, ina siku yake. Akinyamaza mwache anyamaze, akitoka nje mwache atoke, miezi saba na hii miwili haiishi kwa dakika tano. Muulize na Liwale, ila sio siku hiyo hiyo, na akikueleza usimseme baba yake vibaya hata kama una haki, na haki unayo.

Na kwa sababu ulisema mbele za watu, kuna siku utasema mbele za watu pia. Sikushauri umuite mwenyekiti wa kijiji, hapana. Oktoba hiyo inakuja, ghala litafunguliwa, mpeleke abebe gunia mpaka kwenye mzani ule ule, karani akiuliza huyu nani mjibu kwa sauti yako ya kawaida, huyu mwanangu mkubwa ndo kapiga salfa zote mwaka huu. Foleni itasikia. Foleni ya korosho inasikia kila kitu, we unajua.

Deni sasa. Kaka yako ana hoja nusu. Alipe, ndiyo, aondoke, hapana. Watu wanachanganya wanadhani ukisamehe deni limekufa. Paulo alipomuombea Onesimo, yule mtumwa aliyetoroka, hakumwambia Filemoni sahau, alisema kama amekudhulumu au unamdai kitu ukiandike juu yangu. Deni lilitajwa. Basi litajeni na nyie. Gunia mbili ni kama kilo 160, kwa elfu tatu ni laki nne na elfu themanini hivi, na kazi yake ya kupuliza, kupalilia na kuokota ina bei, si mngemlipa kibarua? Kaeni na mjomba, mhesabu, mwandike kwenye daftari, na pawe na mwisho unaojulikana, akimaliza mjomba ndiye afute mbele yake. Mjomba kwetu ana kauli ambayo wewe mama huna, mtumie kwa hilo badala ya kumtumia kutishia. Ningekuwa wewe ningemtafuta pia yule mzee aliyekuwa mlezi wake jandoni, kama bado yupo, kijana wa umri huo kuna mambo hamwambii mama hata umpikie nini. Wala usiogope eti ni mila, kanisa huku halikuanza jana, askofu wa kwanza wa Masasi, Vincent Lucas, aliyewekwa 1926, alilichukua jando na kulitia mafundisho ya Kristo badala ya kulipiga marufuku. Alijua kijana anahitaji wanaume zaidi ya mmoja.

Kikohozi usikichezee. Salfa inawasha macho na kifua, afunge kitambaa kizito puani, asimame upande ambao upepo haumrudishii, akirudi anawe kabla ya kula na nguo aivulie nje. Ila karudi anakohoa kabla hata hajashika mashine ya kupulizia, tena amekonda, na kikohozi kikizidi wiki mbili ni cha kupimwa kifua kikuu, kupima na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Mpeleke wewe mwenyewe. Sio mdogo wake ampeleke, wewe. Mtakaa kwenye benchi pamoja masaa mawili, muuguzi ataita jina na itabidi mtu aitike.

La baba yao kwa kifupi tu maana leo sio siku yake, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka atunze watoto wake hata akiwa na wake wanne Liwale, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo halmashauri uanze maelezo. Hata kama hatoi kitu, watoto wajue mama yao aliuliza.

Na Mungu kukusikia, dada, mbona amekusikia. Uliomba miezi saba mtoto arudi, au hukuomba hilo? Karudi, analala hatua kumi kutoka kitandani kwako.

Niandikie baada ya wiki mbili uniambie ilikuwaje. Na hujasema, ile ming'oko uliichemsha au bado iko pale mlangoni?